Shajara ya mradi: vihesabio vya prosesa ndani ya kerneli ya Mtepe

11 Januari, Langoni, Lamu

Leo nimeishika kazi niliyokuwa nikiiahirisha tangu kusi ya mwaka jana: kuiwezesha Mtepe kuonyesha vihesabio vya prosesa. Mtepe ni kerneli ndogo, yaani moyo wa mfumo wa uendeshaji, ninayoiandika mwenyewe kwa ajili ya kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4. Nimeiita hivyo kwa heshima ya vyombo vya zamani vya pwani yetu vilivyoshonwa kwa kamba bila msumari. Nayo imeungwa kipande kwa kipande, na kila mshono naujua ulipo. Inawasha viini vyote vinne vya prosesa, inagawa kumbukumbu, inabadilisha zamu za michakato (programu zinazoendeshwa) na inasoma faili kwenye kadi ya memori. Mtandao haina, skrini haina. Naongea nayo kwa waya wa siriali kutoka kwenye laptopu.

Kilichonisukuma ni kitabu cha bibi. Ni kurasa 212 za tenzi kwa hati za Kiarabu, karatasi imeshaanza kuliwa na wadudu na hewa ya chumvi. Tumeziskani zote, lakini nyingi zimelala ubavu na lazima zizungushwe nyuzi 90. Programu ya kuzungusha niliiandika mwezi uliopita, na kazi inaifanya, ila ni nzito kuliko inavyostahili. Ukurasa mmoja ni pikseli 2,480 kwa 3,508, baiti moja kwa kila pikseli, yaani pikseli 8,699,840. Kwa prosesa ya gigahezi 1.5 hilo si jambo la kusubiri. Saa inaniambia programu imechukua muda gani, lakini haijui muda huo umekwenda wapi.

Anayejua ni prosesa yenyewe. Kila kiini cha prosesa hii, Cortex-A72, kina vihesabio 6 vya matukio, na cha saba kinachohesabu mizunguko ya saa ya prosesa tu. Unakiandikia kihesabio nambari ya tukio unalolitaka: 0x03 ni kashe ya kwanza ya data (kumbukumbu ndogo ya kasi iliyo ndani ya kiini) kukosa kitu na kulazimika kujaza mstari, 0x08 ni maagizo yaliyokamilika, 0x10 ni matawi (mahali programu inapochagua njia) yaliyobashiriwa vibaya. Kuanzia hapo kinahesabu chenyewe, na programu haisikii uzito wowote.

Ila vihesabio hivi havijui vinamhesabia nani. Kila kinachopita kwenye kiini kinaingia: programu yangu, kerneli, na mchakato wa mtu mwingine uliopewa zamu katikati. Kazi yote iliyo mbele yangu ni hiyo moja. Nambari ikimfikia mtumiaji, iwe ina mwenyewe.

Tumegawana. Mimi naandika upande wa kerneli. Binti ya shangazi yangu, aliyeko Malindi, anaandika zana ya mtumiaji, na tumeiita pima.

14 Januari

Nimetumia siku tatu kusoma waliotutangulia kabla ya kuandika mstari wowote. Vihesabio si jambo jipya. Pentium ya 1993 ilikuwa navyo, na kuvisoma kulihitaji agizo la kerneli pekee. Baadaye likaja agizo la RDPMC ambalo hata programu ya kawaida inaweza kulitumia, kerneli ikiridhia.

Upande wa Linux palikuwa na perfctr, kisha perfmon2. Zote mbili zilikaa nje ya kerneli rasmi kama viraka vya kubandika. Mwishoni mwa 2008 Thomas Gleixner na Ingo Molnar, waandishi wa kerneli ya Linux, wakaleta muundo mwingine, ambao leo unaitwa perf, nao ukaingia katika Linux 2.6.31 mwaka 2009. Mwito wake mkuu, yaani ombi ambalo programu inaipelekea kerneli, ni mmoja tu, perf_event_open.

Nimekaa muda mrefu juu ya tofauti ya perfmon2 na huu uliokuja baadaye, maana ndipo penye uamuzi wangu. Kwa perfmon2, zana ndiyo iliyopanga rejista (visanduku vya thamani ndani ya prosesa): ilijua zipo ngapi na ikaileta kerneli thamani za kuziandika. Kwa perf, zana inataja tukio inalolitaka na kupewa namba ya faili. Kihesabio kipi kitumike, kwenye kiini kipi, na mchakato ukihamishwa kiini kifanyike nini, hayo ni ya kerneli. Naamini njia ya pili ndiyo sahihi, hata kwa kerneli ndogo kama yangu. Mtu anayetaka kujua kwa nini programu yake ni nzito hapaswi kwanza kujifunza ramani ya rejista za Cortex-A72.

Basi Mtepe itakuwa na miito mitatu: hesabu_fungua, hesabu_soma na hesabu_funga. Muundo unaopitishwa kwa hesabu_fungua unaanza na uga wa ukubwa wake; ule wa Linux nao una uga kama huo. Tukiongeza uga mwaka ujao, pima ya leo itaendelea kueleweka.

19 Januari

Siku nne zimepita na kihesabio kimoja tu ndicho kinachosogea, kile cha mizunguko. Vile sita vya matukio vimekaa kimya. Nimeandika nambari ya tukio, nimewasha biti katika PMCNTENSET_EL0, nimewasha biti ya jumla katika PMCR_EL0, nasoma, napata sifuri. Nimeandika upya mara tatu nikidhani nimekosea herufi.

Kosa halikuwa hapo. Lilikuwa kwenye mistari ya mwanzo kabisa ya kuwasha mashine, niliyoiandika zaidi ya mwaka mmoja uliopita. Raspberry Pi 4 inaikabidhi kerneli ikiwa katika ngazi ya mamlaka ya EL2, na mimi nilikuwa nateremka EL1, ngazi ya kerneli, baada ya kusafisha rejista za EL2 kwa sifuri. Mojawapo ni MDCR_EL2. Ndani yake mna sehemu iitwayo HPMN, inayosema vihesabio vingapi vimeachiwa ngazi za chini. Prosesa inapowaka HPMN huwa tayari na idadi yote. Mimi nikaiandikia sifuri, na mwongozo wa Arm, waliosanifu prosesa hii, hauruhusu sifuri kwa prosesa hii. Vihesabio vyangu vyote vikabaki juu, mikononi mwa ngazi ambayo haina mtu.

Dawa ni maagizo matatu ya asembli: soma PMCR_EL0, chukua biti 11 hadi 15 zenye idadi ya vihesabio, ziandike katika MDCR_EL2. Linux hufanya hivyohivyo inapoanza. Cha mizunguko hakikuguswa na HPMN, ndiyo maana chenyewe kilikuwa kikienda. Ningelitafakari hilo siku ya kwanza, ningelifika mapema.

25 Januari

Leo nambari zimeanza kuwa na mwenyewe.

Nina programu ya majaribio yenye kitanzi cha maagizo mawili tu, punguza na rudi, kinachozunguka mara 100,000,000. Jibu sahihi nalijua kabla ya kupima: maagizo 200,000,000 na ziada ndogo ya kuingia na kutoka. Nimeipenda programu hii kuliko kipimo kingine chochote, kwa sababu haina pa kujificha.

Mara ya kwanza ilizidi kwa maelfu, na ziada ikibadilika kila nikiirudia. Ni kerneli iliyokuwa ikihesabiwa: kila mlio wa kipima muda, mara 100 kwa sekunde, kiini kinaingia kwenye kerneli, na maagizo ya kerneli yanaandikwa kwa jina la programu. Rejista ya kuchagua tukio ina biti 31, na ukiiwasha EL1 haihesabiwi. Nimeiwasha kwa kila kihesabio, labda mwombaji aombe vingine na awe na ruhusa. Ziada ikatulia kwenye 14. Nimeirudia mara 50 na kila mara ni 14.

Kisha nikaendesha nakala mbili za kitanzi kwenye kiini kimoja. Kila moja ikasema karibu milioni 400, maana zote mbili zilihesabiwa kwa kila mmoja. Hapo ndipo kazi ya kubadilisha zamu ilipokuja. Mchakato ukitoka, kerneli inazima vihesabio vyake, inasoma kila kimoja, inajumlisha tofauti kwenye nafasi ya biti 64 iliyo katika muundo wa mchakato huo. Anayeingia anarudishiwa vyake. Baada ya kuandika rejista lazima pawe na agizo la ISB, la sivyo prosesa inaweza kutekeleza maagizo yanayofuata kabla mabadiliko hayajashika. Nilisahau ISB moja, na ziada ikawa mara 14, mara 9, mara 20.

Stima ilikatika saa tatu usiku nikiwa katikati ya jaribio la nakala nane. Nimemaliza kuandika haya kwa betri ya laptopu, nje barazani, punda wa jirani akiwa amelala kichochoroni miguuni pangu.

2 Februari

Mazungumzo marefu kwa simu na Malindi. Nayaweka hapa kwa sababu tutayahitaji.

Vihesabio vya matukio ni 6. Mtumiaji akiomba matukio 7, nini kifanyike? Jawabu la kawaida ni kupeana zamu: kila mlio wa kipima muda kerneli inamtoa mmoja na kumwingiza aliyekuwa nje. Mwisho wa kazi kila tukio litakuwa limehesabiwa kwa sehemu tu ya muda. Ukijua muda lilioombwa na muda lililohesabiwa kweli, unakadiria: thamani mara muda ulioombwa, gawa kwa muda uliohesabiwa.

Binti ya shangazi alitaka kerneli ifanye hesabu hiyo.

"Kaka, nipe nambari moja iliyokamilika, mimi niichape," alisema. "Mtu hataki kuona nambari tatu."

Nikamwambia sitaki kerneli itoe kadirio kwa sura ya hesabu. Programu yetu ya kurasa ni mfano tosha. Inaanza kwa kusoma faili, halafu inazungusha. Kihesabio kikipata zamu yake wakati wa kusoma faili tu, ukizidisha utapata nambari nzuri, kamili, na ya uongo. Atakayeiona hatakuwa na njia ya kujua.

Alinyamaza kidogo, halafu akauliza jambo lililonifurahisha: je, mtu akitaka uwiano wa matukio mawili, mfano maagizo kwa mzunguko, na moja limehesabiwa asubuhi na jingine jioni? Uwiano huo hauna maana hata ukikadiria vizuri. Kwa hiyo tumekubaliana mambo mawili. Kerneli itarudisha nambari tatu mbichi: thamani, muda ulioombwa, muda uliohesabiwa. Kuzidisha ni kazi ya pima, nayo itaweka alama ya takriban mbele ya kila nambari iliyokadiriwa. Pili, hesabu_fungua itapokea kundi: matukio ya kundi moja yanaingia pamoja au hayaingii kabisa. Kundi la matukio mengi kuliko vihesabio linakataliwa palepale, wakati wa kufungua, kwa kosa linaloeleweka.

Hilo la kundi ni lake. Mimi sikuwa nimelifikiria.

9 Februari

Kufurika.

Vihesabio vya matukio vya prosesa hii ni vya biti 32. Kikifika 4,294,967,295 kinarudi sifuri. Kitanzi changu kinakamilisha karibu maagizo mawili kwa mzunguko, maana yake kihesabio kinajaa kwa chini ya sekunde moja na nusu. Programu yoyote ya maana itafurika mara nyingi. Cha mizunguko chenyewe kina biti 64 ukikiruhusu, kwa hiyo hakinisumbui.

Nilikuwa nimekaa na ami barazani baada ya Alasiri nikijaribu kumweleza ninachofanya. Ami alifanya kazi ya mikoko ujana wake wote, akihesabu shehena kwenye fungu kabla ya kupakiwa majahazini. Boriti huuzwa kwa korija, na korija ni 20. Akaniambia yeye hakuwahi kuhesabu kupita ishirini. Akifika ishirini anaweka fito moja kando, anaanza moja tena. Mwisho anahesabu fito, kila fito korija moja, anaongeza zilizobaki mkononi.

Ndivyo prosesa inavyotaka ufanye. Kihesabio kikifurika kinapiga ukatizi, yaani wito unaokatiza kazi iliyopo ili kerneli iitike, na kerneli inaweka fito yake kwenye kumbukumbu.

10 Februari

Usiku wa taabu. Nimewasha ukatizi wa kufurika na mashine ikaganda. Kiini cha kwanza kimezama ndani ya kishughulikia ukatizi na hakitoki, vingine vitatu vinaendelea kama hakuna lililotokea.

Nimeipata saa nane usiku. Katika BCM2711, chipu ya Raspberry Pi 4, kila kiini kina waya wake wa ukatizi wa vihesabio, nambari 48 hadi 51 kwenye kidhibiti cha makatizi cha GIC-400. Nyaya hizi hazijipeleki zenyewe kwenye kiini chake, ni lazima uzielekeze. Msimbo wangu wa zamani unaelekeza kila ukatizi wa nje kwenye kiini cha kwanza. Kihesabio cha kiini cha tatu kimefurika, kiini cha kwanza kimeitwa, kimetazama rejista yake ya PMOVSCLR_EL0 na kuikuta safi, kwa sababu kila kiini kina rejista zake na hakioni za mwenziwe. Kikatoka. Waya bado uko juu, kwa kuwa aliyefurika hajafuta alama yake. Kikaitwa tena. Na tena.

Nyaya nne, kila moja kwa kiini chake, na mashine ikatulia mara moja. Nimeandika maelezo marefu juu ya mistari hiyo katika msimbo, ili atakayekuja baada yangu asikeshe kwa kosa hili.

16 Februari

Ziada ya 14 imenionyesha kosa jingine ambalo nisingeliona kwa njia nyingine. Katika majaribio 1,000 ya kitanzi kirefu, mawili yalitoa jumla pungufu kwa 4,294,967,296 kamili. Nambari hiyo ni sahihi ya mwenye kosa: fito moja haikuwekwa.

Kinachotokea ni hiki. Kerneli inapomtoa mchakato kwenye zamu, makatizi yamezimwa. Kihesabio kikifurika katika upenyo huohuo, ukatizi unasubiri mlangoni. Kerneli inasoma kihesabio, inakuta 12, inajumlisha 12 badala ya bilioni nne na ushei. Ukatizi unapokuja kuingia, kihesabio kimeshakabidhiwa mchakato mwingine.

Nilimwuliza ami, nikiamini kabisa atakuwa amewahi kukutana na hili. Je, mtu akikuuliza umefika ngapi, na umefika ishirini lakini fito hujaiweka?

"Ndoo ukae," akasema kwa Kiamu, yaani njoo ukae. "Penye makelele nalikuwa sifiki ishirini. Nalikata kumi kumi. Ukipitiwa na kumi moja, bado wajua uko wapi."

Nimeyaandika maneno hayo kama yalivyo kwa sababu ndilo suluhisho, na ndilo Linux inalotumia pia. Kihesabio hakianzi sifuri, kinaanza katikati, 2,147,483,648. Ukatizi unakuja baada ya nusu ya safari. Na kerneli haihesabu mafuriko: inakumbuka thamani iliyosomwa mwisho, inaitoa kwenye thamani ya sasa kwa hesabu ya biti 32, na tofauti hiyo inatoka sawa hata kama kihesabio kimepita sifuri katikati. Ukatizi ukichelewa, kuna nusu nyingine ya safari kabla mambo hayajavurugika, na kwa kasi ya kitanzi changu hiyo ni zaidi ya nusu sekunde. Kerneli yangu haizimi makatizi kwa muda hata unaokaribia huo.

Majaribio 10,000. Hakuna hata moja lililopungua.

23 Februari

Binti ya shangazi anataka kupima vipande vidogo vya msimbo, vya maagizo mia chache, na mwito wa mfumo peke yake unagharimu zaidi ya hapo. Ana haki. Ombi lake ni kusoma rejista moja kwa moja kutoka kwenye programu, bila kupitia kerneli.

Prosesa inaruhusu, kupitia PMUSERENR_EL0. Mifano mingi inayozunguka inawasha biti 0, na inafanya kazi. Lakini biti 0 inampa mtumiaji kila kitu, kusoma na kuandika. Programu yoyote inaweza kuzima vihesabio au kuvibadilishia tukio, na hesabu yote niliyoijenga tangu Januari ikaharibika kimyakimya. Zipo biti mbili nyingine: CR ya kusoma cha mizunguko tu, na ER ya kusoma vya matukio tu. Nimewasha hizo mbili, ya kuandika nimeifunga.

Bado haitoshi. Mchakato wenye ruhusa ya kusoma unaona vihesabio vyote vya kiini, pamoja na alivyoviacha aliyetangulia. Kwa hiyo kabla ya kumpa mtu mlango huu, kerneli inafuta kila kihesabio kisicho chake. Mtu anaweza kuuliza nambari ya kashe iliyoachwa na mwenzako ina siri gani. Tangu Januari 2018, kasoro za prosesa ziitwazo Spectre na Meltdown zilipotangazwa, hatuna tena ruhusa ya kuuliza swali hilo kwa wepesi. Tabia ya kashe ya programu inaweza kufichua ilichokuwa ikikisoma. Linux nayo imezidi kuwa na tahadhari: kiwango cha perf_event_paranoid kimewekwa 2 kwa kawaida, toleo 5.8 la 2020 likaleta ruhusa ya pekee iitwayo CAP_PERFMON, na kwa Arm ya biti 64 kusoma moja kwa moja, kulikoingia katika 5.17, kumefungwa mpaka msimamizi akufungue kwa perf_user_access. Mtepe itafuata njia hiyohiyo. Mlango umefungwa, na mwenye mashine ndiye anayeufungua.

Upande wa pima, kusoma kunakwenda hivi. Kerneli inaweka ukurasa mmoja wa kumbukumbu ambao mtumiaji anausoma tu. Ndani yake mna nambari ya mfuatano, nambari ya kihesabio alichopewa na jumla iliyokwisha kuwekwa. Pima inasoma mfuatano, inasoma kihesabio, inajumlisha, inasoma mfuatano tena. Ukiwa umebadilika, kerneli imepita katikati, inarudia. Jambo moja lilimsumbua mpaka usiku: nambari ya rejista imo ndani ya agizo lenyewe, huwezi kuipitisha kama thamani. Ndiyo maana pima ina matawi saba yanayofanana karibu kila kitu. Ameniomba radhi kwa urefu wake. Nimemwambia ni sawa, hakuna njia fupi salama.

8 Machi

Baada ya tarawehe tumeipima programu ya kurasa kwa mara ya kwanza, yeye kwenye simu, mimi kwenye waya wa siriali.

Tuliomba matukio manne, kundi moja. Maagizo yalikuwa ya kawaida. Matawi yaliyobashiriwa vibaya, machache sana. Lakini 0x03, kujaza mstari wa kashe ya kwanza, ilizidi milioni 8 kwa ukurasa mmoja. Pikseli ni milioni 8.7. Karibu kila pikseli moja inaigharimu prosesa mstari mzima wa baiti 64.

Ukijua hivyo, sababu inaonekana kwa macho. Nasoma ukurasa mstari kwa mstari, lakini naandika wima: kila pikseli ya mstari mmoja inakwenda kwenye mstari wake mwingine wa picha mpya. Mstari mmoja wa pikseli 2,480 unagusa mistari 2,480 ya kashe, na hiyo ni baiti 158,720. Kashe ya kwanza ya data ni kilobaiti 32. Kabla sijarudi kuandika jirani ya pikseli ya kwanza, mstari wake umeshatolewa. Tukio la nne, 0x05, lilisema hilohilo kwa TLB, hifadhi ndogo inayokumbuka kurasa za kumbukumbu ziko wapi: maandishi ya mstari mmoja yanatapakaa kwenye kurasa za kumbukumbu zaidi ya 2,000, na TLB kubwa ya kiini ina nafasi 1,024.

Nimeandika upya kitanzi kizungushe vipande vya 64 kwa 64. Kipande kimoja, cha kusoma na cha kuandika, kinaenea ndani ya kashe ya kwanza. 0x03 ikashuka chini ya laki 6, na muda ukapungua kwa zaidi ya nusu. Maagizo yaliongezeka kidogo, na nilifurahi kuyaona yameongezeka. Mtu akiangalia maagizo peke yake angesema nimeharibu.

Kabla ya kulala nimerudia kitanzi cha majaribio kwenye viini vyote vinne, nakala nane, mlango wa kusoma moja kwa moja ukiwa wazi, programu ya kurasa ikienda kando yao. Nane zote: 200,000,014.

Sampuli bado, yaani kuutumia ukatizi wa kufurika kujua ni mstari gani wa msimbo uliokuwa ukitekelezwa. Ukatizi tayari upo, lakini unafika maagizo kadhaa baada ya tukio lenyewe, na A72 haina chombo cha kutaja agizo halisi. Hilo tutalianza baada ya Idi.

Kurasa 212 zimezungushwa zote usiku huu. Kesho asubuhi kadi ya memori inavuka Mokowe kwa boti ya kwanza na kupanda basi la Malindi, ina kerneli, pima, na kitabu cha bibi kikiwa kimesimama wima.